Mtandao unaojiponya: Jinsi data inavyotafuta njia pasipo waya

MEI 12, 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Watumiaji wengi wa intaneti nchini Tanzania walijikuta hawana huduma au wana huduma ya kusuasua. Data zililazimika kupitia njia nyingine, na njia hizo hazikutosha.

Kutafuta njia nyingine ndiyo kazi ya kila dakika ya mitandao midogo ya redio ambayo wataalamu huiita mitandao ya wavu inayojiponya. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ina sharti ambalo wauzaji wa vifaa hivyo hulipitia haraka mno: njia ya pili lazima iwepo.

Katika mtandao wa kawaida wa Wi-Fi, simu na kompyuta zote huzungumza na kifaa kimoja cha kati. Kikizima, wote wamekatika. Katika mtandao wa wavu kila kifaa, ambacho huitwa nodi, hupokea data zake na pia ni tarishi wa data za jirani. Data hugawanywa katika pakiti zenye anwani, zikarushwa kutoka nodi hadi nodi mpaka zifike kwenye lango, yaani nodi iliyounganishwa na intaneti.

Nodi hufahamiana kwa kusalimiana. Katika itifaki ya OLSR, iliyochapishwa Oktoba 2003, kila nodi kwa kawaida hutoa salamu kila baada ya sekunde 2, na jirani asiyesikika kwa sekunde 6 huhesabiwa kuwa hayupo. Taarifa ya msiba huo huenezwa, na kila nodi huchora upya ramani yake. Itifaki ya AODV, ya Julai 2003, haitunzi ramani. Hutafuta njia pale tu inapohitajika, hivyo pakiti ya kwanza huchelewa. B.A.T.M.A.N., iliyoanzia katika jumuiya ya Freifunk mjini Berlin, haiitaki nodi ijue njia nzima, bali jirani gani wa kumkabidhi pakiti, mfano wa msafiri mgeni anayeuliza njia kijiji kwa kijiji.

Njia fupi si lazima iwe bora. Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha kuwa ni afadhali kuhesabu mara ambazo pakiti itarushwa hadi ifike salama. Kiungo cha moja kwa moja kinachofanikiwa mara 1 kati ya 4 hugharimu mirusho 4 kwa wastani. Kupitia jirani mwenye viungo viwili vizuri hugharimu 2 tu. Kuzunguka huko kuna faida.

Sasa tuchukue mfano wa kufikirika wa Kakesio, kata ya wafugaji wa Kimasai iliyo kusini magharibi mwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Tuseme lango limewekwa Endulen, iliko hospitali, na nodi zinazotumia umeme wa jua zimepangwa juu ya vilima, moja baada ya nyingine, hadi Kakesio. Huo ni mnyororo, si wavu. Betri ya nodi moja ya katikati ikifa, itifaki zote tatu zitagundua upesi kwamba jirani hayupo, na hakuna hata moja itakayopata pa kupita. Muuguzi anayetaka kutuma taarifa za mgonjwa hatasaidiwa na ujanja wa programu. Atasaidiwa na nodi nyingine juu ya kilima cha pembeni, inayosikiana na majirani wawili.

Kuongeza nodi nako kuna gharama yake. Nodi yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja, hivyo kila mruko hula kasi: miruko miwili huacha takriban nusu, mitatu theluthi. Redio ya pili hupunguza tatizo hilo, lakini huongeza bei na matumizi ya umeme.

Palipo na nafasi kubwa na nodi chache, mbinu nyingine ilijaribiwa nchini Kenya. Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwafunga pundamilia kola zenye redio huko Laikipia, katika mradi wa ZebraNet. Kola ilihifadhi kumbukumbu za mahali mnyama alipopita. Wanyama wawili walipokaribiana, kola zao zilinakiliana kumbukumbu hizo, na mtafiti aliyepita na gari aliweza kuzipata hata za pundamilia ambaye hakumwona. Pasipo na njia, pakiti husubiri ikibebwa na mnyama. Inaweza kuchukua saa au siku, muda unaovumilika kwa mwenendo wa pundamilia, ila si kwa mama mjamzito anayesubiri gari la wagonjwa.