Imana nje ya «ntu»: Kagame, sarufi na kumjua Mungu

Mwaka 1945 ilichapishwa mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Wabantu. Mmisionari huyo Mbelgiji, aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alieleza kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba Mungu ndiye nguvu ya kwanza, mwenye kuzigawia nyingine zote. Maelezo hayo yalizaa swali zito. Ikiwa Mungu yumo katika ngazi moja na watu, wanyama na mawe, ijapokuwa kwenye kidato cha juu kabisa, basi akili ya mtu yaweza kuipanda ngazi hiyo hata ikajua alivyo.

Mnyarwanda Alexis Kagame, naye padri, alijibu kwa njia ya sarufi. Katika tasnifu yake ya Roma, iliyochapishwa mwaka 1956, aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne kwa kufuata Kinyarwanda: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Imana hayumo katika fungu lolote. Yeye ndiye asili ya kila «ntu», wala si «ntu» mojawapo. Kwa hiyo akili yaweza kukiri kwamba yupo, kwa kuwa vilivyopo vyahitaji mwanzo. Bali ikiulizwa ni nini, maneno yake yote yalifinyangwa kwa ajili ya vitu vingine.

Hoja hiyo yavutia, ila msingi wake watia shaka. Jina Imana lenyewe lina ngeli, ile yenye majina mengi ya wanyama, na hata vitenzi vyake huifuata. Kiswahili chatatiza zaidi: wingi wa Mungu ni miungu, mithili ya mti na miti, lakini husemwa «Mungu anajua», kwa upatanisho wa watu. Nani atathubutu kusema kwamba Mungu ni nusu mti? Ngeli zaonyesha jinsi wasemaji walivyozoea kupanga majina. Hazishuhudii tabia ya anayetajwa. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin alikwenda mbali zaidi, akakataa kuita falsafa fikira isiyo na mwenyewe, inayodhaniwa kufichika katika lugha na desturi za watu wote.

Sehemu iliyo imara kwa Kagame ni ile isiyohitaji ngeli: aliye asili ya vyote hawezi kuhesabiwa kuwa kimoja chao. Mwenyewe hakukubali kuitenga na sarufi. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, akaupanua uchunguzi wake hadi lugha nyingi za Kibantu.