Pete Imeonekana, Bibi Je?

Siku hizi ukialikwa harusini Magomeni, utamwona mpiga picha akiomba pete kabla maharusi hawajavishana. Huzilaza juu ya ua, akaikaribisha kamera, akapiga tena na tena, hadi chapa ya dhahabu iliyo ndani isomeke.

Ufundi huo si mgeni. Mwaka 1955 Heinz Kilfitt alitoa Makro-Kilar, lenzi ya mwanzo kabisa ya kupigia vitu vidogo kwa karibu kwenye kamera za filamu ya milimita 35. Picha moja ya filamu hiyo ina milimita 24 kwa 36; pete huenea humo kwa ukubwa wake halisi.

Mbona basi albamu za wazee wetu hazina picha hizo? Filamu ilikuwa na picha 36 tu, na kuisafisha ni fedha. Mpiga picha alihesabu: maharusi, wazazi, mashahidi, kisha bibi na babu vitini. Pete ilibaki nukta kidoleni.

Leo picha hazihesabiwi, lakini kamera ikiikaribia pete mno, vilivyo nyuma yake huwa ukungu. Ndivyo lilivyo hata jicho letu. Bibi ameketi jamvini tangu asubuhi, hakuna aliyemwita.

Pete utaipiga picha hata baada ya miaka 30. Bibi hatakungoja. Basi, ndugu mpiga picha, mwite yeye kwanza.