Kukadiria si kukisia

Kadiria ni neno lenye asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na kadiri, yaani kipimo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa akadirie jibu hadi nafasi mbili za desimali hajaruhusiwa kubahatisha. Kwa kubahatisha tunalo neno kukisia. Ipo kanuni: tarakimu inayofuata ikiwa 5 au zaidi, iliyotangulia huongezwa 1. Tazama 22/7 na pai: zote hukadiriwa kuwa 3.14, lakini kwenye nafasi tatu zinaachana, 3.143 na 3.142. Wapo watakaosema makadirio ya bajeti nayo ni matarajio tu, na muktadha hutofautisha. Ni kweli, ila darasani muktadha hautoshi. Huko hata kanuni yenyewe hutaka uangalifu: anayekadiria 2.449 hatua kwa hatua hupata 2.45, kisha 2.5, ilhali jibu sahihi la nafasi moja ni 2.4.