Baridi, Makaa ya Mawe na Msitu: Utunzaji wa Okidi za Tropiki katika Majira ya Baridi nchini Uingereza, 1818–1920

Utangulizi

Historia ya okidi katika Uingereza ya karne ya 19 imezoeleka kusimuliwa kama historia ya wasafiri waliozitafuta msituni na matajiri walioshindana kuzinunua mnadani. Insha hii inaelekeza mjadala kwenye miezi ya Novemba hadi Machi, ambapo mmea uliokwisha kuvuka bahari ulipaswa kuishi katika nchi ambayo mchana wake wa Desemba una urefu wa takribani saa 8 tu. Hoja inayojengwa ni kwamba namna Waingereza walivyozitunza okidi wakati wa baridi ilitokana na namna walivyoielewa tropiki yenyewe. Aidha, maarifa hayo yalipokomaa hayakuipunguzia misitu mzigo, bali yaliuongeza.

Tropiki moja, joto moja

Mnamo Novemba 1818, okidi iliyotumwa na William Swainson kutoka Pernambuco, Brazili, ilichanua katika nyumba ya vioo ya William Cattley huko Barnet. Mtaalamu wa mimea John Lindley aliiita *Cattleya labiata*, kwa heshima ya mwenye bustani. Kuchanua huko, katika mwezi ambao bustani za nje zilikuwa zimenyauka, kuliwapa wakulima matamanio makubwa, lakini hakukuwapa maarifa. Okidi nyingi zilizofuata zilikufa.

Sababu mojawapo ilikuwa fikra kwamba nchi za joto zina hali moja ya hewa. Katika makala yake ya mwaka 1830 kwa Chama cha Kilimo cha Bustani cha London, Lindley alipendekeza joto kali, unyevu mwingi wa hewa na kivuli kizito. Ushauri huo ulizifaa baadhi ya spishi za nyanda za chini, lakini haukuzifaa zile za milimani, ambazo huota katika baridi, ukungu na upepo. Wakati wa baridi madhara yalizidi. Mmea unaopewa joto kali bila mwanga wa kutosha hutumia akiba yake ya chakula kwa kasi kuliko unavyoweza kuirudisha. Nao unaomwagiliwa sana katika kipindi ambacho haukui huoza mizizi. Kwa hiyo wakulima waliodhani wanaziokoa okidi na baridi ndio walioziangamiza.

Tanuri na watu wake

Joto hilo lilihitaji moto, na moto ulihitaji watu. Mfano ulio wazi ni wa Chatsworth, makazi ya Duke wa sita wa Devonshire, ambaye alianza kukusanya okidi mwaka 1833 chini ya usimamizi wa Joseph Paxton. Jumba kuu la vioo lililojengwa hapo kuanzia mwaka 1836 kwa ajili ya mimea ya tropiki lilipashwa joto na matanuri 8, yaliyosukuma maji ya moto katika mabomba yenye urefu wa takribani kilomita 11. Makaa ya mawe yaliletwa kwa njia ya chini ya ardhi ili wageni wasiyaone. Mpangilio huo una maana kwa mwanahistoria: kazi ya vibarua waliochochea moto usiku wa baridi ilifichwa kwa makusudi, na katika maandishi mengi juu ya okidi imeendelea kufichika.

Hata hivyo, ni Paxton huyohuyo aliyeanza kuachana na joto la namna moja. Katika nyumba za okidi aliruhusu hewa kupita na kuitenga mimea kulingana na mahitaji yake. James Bateman aliendeleza mtazamo huo, akiwa mtetezi mkuu wa ukuzaji katika ubaridi. Kazi yake juu ya jenasi *Odontoglossum*, yenye spishi za milima ya Amerika, ilichapishwa kati ya 1864 na 1874. Mwongozo wa Benjamin Samuel Williams, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1852, uliwafikishia wakulima wa kawaida maarifa ya namna hiyo, likiwamo suala la kuupumzisha mmea kwa kuupunguzia maji.

Gharama ya mafanikio

Ingetarajiwa kwamba mimea ikiacha kufa, mahitaji ya mimea mipya yangepungua. Ushahidi unaelekeza kinyume. Ushuru wa vioo ulifutwa mwaka 1845, na ukuzaji katika ubaridi ulihitaji makaa machache. Hivyo okidi za milimani ziliingia katika uwezo wa watu wa tabaka la kati. Wanunuzi waliongezeka. Katika kitabu chake cha mwaka 1891, Albert Millican alieleza jinsi miti ipatayo 4,000 ilivyokatwa nchini Kolombia ili kupata okidi zipatazo 10,000 za *Odontoglossum*. Wakati huo jinsi ya kuzivusha okidi hizo katika baridi ya Uingereza ilikuwa imekwisha kufahamika. Msitu haukuangushwa na ujinga wa watunzaji peke yake. Uliangushwa pia na umahiri wao.

Utegemezi wa makaa nao ulifichuka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jumba la Chatsworth lilikosa makaa, mimea yake ikafa kwa baridi, na mwaka 1920 jumba lenyewe likabomolewa. Mimea iliyotunzwa kwa takribani miaka 80 haikuweza kuishi bila tanuri.

Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba majira ya baridi yaliwalazimisha wakulima wa Uingereza kuitambua tropiki kuwa na milima, misimu na baridi yake. Lakini kuujua mmea hakukuwa sawa na kuuhifadhi. Maarifa yaliyookoa okidi moja ndani ya vioo yaliifanya bidhaa hiyo iwe ya kutegemewa, na soko likarudi msituni kuchukua nyingine. Kwa sababu hiyo, historia ya utunzaji wa okidi haiwezi kupimwa kwa idadi ya maua yaliyochanua Barnet au Chatsworth pekee, bila kuhesabu miti iliyoanguka kule zilikotoka.