Mali, Daftari na Mdai: Nidhamu ya Biashara Ndogo Ilitoka Wapi?

Mfanyabiashara mdogo wa leo hakosi walimu. Semina, vipindi vya redio na vitabu vinavyotandazwa kando ya barabara vinamwambia aamke alfajiri, aandike malengo, atenge mtaji na matumizi ya nyumbani, na kwanza kabisa abadilishe fikra. Mawaidha hayo hayana ubaya. Tatizo ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba nidhamu ya biashara huzaliwa kichwani mwa mtu mmoja, na kwa hiyo anayefilisika ameshindwa na nafsi yake. Historia ya biashara ya Afrika Mashariki inashuhudia vingine. Tabia zote hizo, za kupanga mwaka, kuandika mauzo, kutogusa mtaji na kuweka akiba, zilikuwapo huku karne nyingi kabla ya semina. Zilidumu kwa sababu mfanyabiashara alikuwa na mtu wa kumtolea hesabu, na palipokatwa uhusiano huo tabia nazo zilidhoofika, hata kwa watu wenye bidii.

Tuanze na mpango wa mwaka. Mwambao wa Afrika Mashariki uliishi kwa pepo mbili. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, inayoanza mwezi wa Aprili, iliyarudisha. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, safari yake ilifuata ratiba hiyohiyo. Nahodha aliyechelewa kumaliza shughuli zake bandarini aliweza kukwama hadi msimu mwingine, huku mabaharia wakila na mali ikikaa bure. Basi mwenye nguo, tende au vyombo alijua lazima auze, akusanye pembe, mikoko, ambari au nafaka, na apakie kabla upepo haujamwacha. Bara nako kulikuwa na kalenda yake. Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi na wafanyabiashara mashuhuri wa karne ya 19, walizoea kufunga safari ya pwani baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Nahodha na mpagazi hawakuhitaji kuhimizwa wathamini muda. Kila mmoja alikuwa na wenzake waliokuwa wakimsubiri, na ucheleweshaji ulikuwa na gharama iliyoonekana kwa macho.

Hata hivyo upepo peke yake hauelezi daftari. Hilo lilitokana na mkopo. Sultani wa Omani, Sayyid Said, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, mji ule ukawa kitovu cha mnyororo mrefu wa imani na deni. Ushuru wa forodha ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara kutoka Kutch, na baadaye Taria Topan akashika nafasi hiyo. Nyumba kubwa za namna hiyo zilipata bidhaa kutoka Bombay, Salem ya Marekani na Ulaya, zikawakopesha wafanyabiashara wa kati, nao wakawakopesha wenye misafara na wenye vibanda vya bara. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, alitoka pwani karibu mwaka 1870 akiwa na mali aliyokopeshwa na Taria Topan, na hakurudi Unguja hadi mwaka 1882. Kumwachia mtu mali kwa miaka kumi na zaidi kulihitaji kumbukumbu: nani amechukua doti ngapi za kitambaa cha merikani, frasila ngapi za shanga, kwa bei gani, na atalipa pembe za uzito gani. Vitabu vya matajiri wa Kihindi viliandikwa kwa Kigujarati, na wafanyabiashara wa Kihindu walifunga hesabu za mwaka na kufungua vitabu vipya wakati wa Diwali. Kufunga hesabu kulikuwa sehemu ya sikukuu, jambo linalofanywa na jamii nzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo aliyeliahirisha alionekana.

Mnyororo huo ulipofika kwenye duka dogo la bara, ndipo ulipojenga tabia ambazo walimu wa leo wanazihubiri. Mfano unaojulikana sana ni wa Allidina Visram. Alifika kutoka Kutch katika miaka ya 1860 akiwa bado mtoto, akawa msaidizi katika nyumba ya biashara ya Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, ileile iliyomsaidia msafiri Stanley kupata wapagazi mwaka 1871. Baadaye alifungua maduka yake kufuata njia ya misafara, kisha akaingia Uganda na kuifuata reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa ameacha mtandao mkubwa wa maduka na maghala. Maduka hayo yaliuza nguo, chumvi na shanga, yakanunua pembe, ngozi, nta na ufuta. Aliyeketi nyuma ya kaunta mara nyingi alikuwa kijana aliyeletwa na ndugu au mtu wa kwao, naye aliuza mali isiyokuwa yake. Hapo ndipo penye siri ya kutenganisha mtaji na matumizi. Pesa zilizokuwa ndani ya droo jioni, sehemu kubwa zilikuwa za tajiri aliyeko pwani. Kuzila kulikuwa kuiba, na kutoziandika kulikuwa kujitia katika shaka ya wizi. Methali inayosema mali bila daftari hupotea bila habari ni ya watu walioijua hali hiyo. Kijana huyo hakutangulia kuwa na fikra za kitajiri ndipo akaandika mauzo. Aliandika kwa sababu kuna mtu angekuja kuuliza, na baada ya miaka kadhaa ya kuulizwa, kuandika kukawa tabia yake.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii unatoka upande wa pili, kwa watu waliozuiwa wasiingie katika mnyororo huo. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika iliweka sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Asiyekuwa Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha ofisa wa serikali hakuweza kumdai mahakamani. Sheria za namna hiyo zilikuwapo Kenya pia. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumkinga Mwafrika asidhulumiwe na wakopeshaji, na haikosi kuwa wapo waliokingwa. Lakini matokeo kwa mwenye duka Mwafrika yalikuwa mazito: muuzaji wa jumla alitaka pesa taslimu. Asiye na mkopo hununua bidhaa chache, na kwa kuwa hununua chache huzipata kwa bei ya juu, rafu zake hubaki nusu tupu, na wateja huvuka barabara kwenda kwa jirani mwenye kila kitu. Muhimu zaidi, hakuwa na mdai wa kumkagua wala sifa ya ulipaji ambayo ingemfungulia mlango mwingine. Kisha maofisa walewale, wakitazama maduka yaliyofungwa, wakasema kwamba Mwafrika hana moyo wa biashara. Lawama ya fikra mbovu, inayosikika hata leo kwa maneno laini zaidi, ina babu yake katika ripoti za kikoloni.

Lawama hiyo ilikanushwa na vyama vya ushirika. Wachaga waliolima kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi vilivyopokea kahawa, kuipima, kuiandika na kulipa. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba waliochoshwa na mizani ya wanunuzi walianza kupima wenyewe, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 walikuwa na shirikisho kubwa lililoongozwa na Paul Bomani. Waliotunza risiti na leja huko walikuwa watu wa vijiji vilevile vilivyosemwa kuwa havina moyo wa biashara. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na wanachama waliodai hesabu, mkutano wa mwaka na mkaguzi.

Hapa msomaji makini ana haki ya kupinga. Je, si kweli kwamba mnyororo huo wa mikopo ulikuwa pia kamba ya kunyongea? Ni kweli. Misafara iliyokopeshwa na nyumba za Unguja ilibeba pembe na pia ilihusika na biashara ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utajiri uliokwisha kujengwa kwa jasho na maisha ya watu hao haukufutika. Wakulima wa karafuu wa Unguja na Pemba nao walizama katika madeni kiasi kwamba mwaka 1934 serikali iliweka amri za kuzuia mashamba kuhamia kwa wadai, na mvutano uliofuata ukazaa mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi dhidi ya ununuzi wa karafuu mnamo 1937 na 1938. Historia hii haitufundishi kwamba deni ni zuri. Inatufundisha tutofautishe mdai anayetaka hesabu ili biashara iendelee na mdai anayengoja ushindwe ili achukue shamba. Wa kwanza faida yake iko katika mauzo ya mkopaji, kwa hiyo humpa muda, humpa habari za bei, na humkemea mapema. Wa pili faida yake iko katika kuanguka kwa mkopaji. Nidhamu ilichipua kwa wa kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba wapo watu waliojiinua kwa juhudi zao wenyewe, bila tajiri wala ushirika. Bidii ya mtu haipingiki, lakini ukichunguza jinsi ilivyofanya kazi utakuta nyuma yake watu wengine. Chukua upatu, ambao wengine huuita mchezo na Wakenya huendesha mfano wake katika vyama vyao. Mama anayeuza vitumbua au mboga hutoa kiasi kilekile kila siku au kila wiki, na zamu yake ikifika hupokea fungu lote. Hesabu yake ni nyepesi sana, na wala fungu hilo halizidi alichotoa mwenyewe. Angeweza kuficha pesa hizo chini ya godoro akafikia kiasi kilekile. Hafiki, kwa sababu zilizo chini ya godoro huombwa na kila mwenye shida, ilhali za upatu zina kijumbe atakayepita jioni na wenzake wanaongoja zamu zao. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaochukua mali kauli, yaani kuchukua bidhaa leo na kulipa baada ya kuuza, wako katika hali ya yule kijana wa duka la bara. Kauli ikivunjwa mara moja, habari husambaa soko zima. Bidii ipo katika mifano yote miwili, ila imepewa uzio.

Tanzania iliwahi pia kuona kinachotokea duka linapohamishwa bila uhusiano wake. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kukomesha ulanguzi. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kwa hiyo mdai wa zamani aliondoka na mkaguzi wa zamani akaondoka naye. Sehemu nyingi maduka mapya yalikosa bidhaa, na serikali ikalazimika kupunguza kasi ya operesheni. Itakuwa dhuluma kuubebesha uamuzi huo uhaba wote wa miaka iliyofuata, maana bei ya mafuta, ukame na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichangia. Lakini jengo, rafu na kibali vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye hasara ingemuuma na mwingine ambaye angemuuliza sababu.

Tangu M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoanza Kenya mwaka 2007, kumbukumbu za malipo zimekuwa rahisi kuliko wakati wowote, na mkopo hupatikana kwa kubonyeza simu. Ingetarajiwa kwamba nidhamu nayo ingepanda. Lakini mkopo wa simu hauulizi umeuza nini wala kwa nini mauzo yameshuka. Huuliza tarehe tu, kisha hukata. Hautoi ushauri wa bei wala muda wakati mvua imeharibu soko. Umechukua makali ya mdai wa zamani ukaacha uangalizi wake. Ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kuwa na rekodi zote ndani ya simu na bado akala mtaji bila kujua.

Basi anayetaka kumsaidia mfanyabiashara mdogo apunguze mahubiri ya fikra na aulize swali moja: nani anayeliona daftari lake? Halmashauri zinazotoa mikopo kwa vikundi, benki, vyama vya kuweka na kukopa na hao wanaoendesha semina wangefanya jambo la maana zaidi kwa kuweka utaratibu wa mtu mwenye uelewa kupita dukani kila mwezi na kukagua hesabu pamoja na mwenyewe. Na wewe mwenye kibanda au genge, usingoje wao. Tafuta mwenzako mmoja wa sokoni unayemwamini, mpangane siku, mfunguliane madaftari na kuulizana maswali bila kuoneana haya. Waliokutangulia katika kazi hii hawakuwa na moyo kuliko wako. Walikuwa na watu wa kuwauliza.