Huyo Aliletwa: Kuwatafuta Wazee Wetu wa Pwani ya Cabo Delgado

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Popote ulipo kambini, uwe kwenye foleni ya maji au umekaa kivulini nje ya hema, karibu. Leo naomba tufanye zoezi dogo. Taja jina lako, kisha la mzazi wako, la babu au bibi yako, halafu uendelee kupanda. Umeishia wapi?

Mimi niliishia kwa mtu wa nne. Bibi yangu, mzaliwa wa shambani upande wa Palma, alifika kwa mtu wa saba, mwanamke. Hapo akanyamaza. Nikamuuliza, "Binti nani, bibi?" Akajibu, "Hana nani. Huyo aliletwa."

Neno hilo moja ndilo lililonifanya niandae kipindi cha leo.

Kwanza tuhesabu miaka. Kizazi kimoja tukikipa miaka 25, mtu wa saba kutoka kwangu alizaliwa karibu mwaka 1850. Siyo mbali kama tunavyodhani. Mtu aliyemlea bibi yangu aliwahi kukaa na watu waliomjua mama huyo.

Je, jina lake liliandikwa mahali? Mwaka 1854 serikali ya Ureno iliamuru watumwa wote katika makoloni yake waandikishwe. Katika vitabu vya aina hiyo utakuta jina la mtu, umri, kabila, chale za mwilini na jina la bwana wake. Jina la baba yake halimo. Aliyeshika kalamu alitaka kujua mali ni ya nani, hakujali mtoto ni wa nani. Na kama mtu alibatizwa, huenda aliandikwa Maria au João, na jina alilopewa na mama yake likapotea.

Nilipojua hayo nilifurahi. Nikasema, nitamkuta kwenye vitabu vya Ibo, kwani Ibo ndiko yalikokuwa makao ya Wareno katika Cabo Delgado. Mwalimu mmoja mzee hapa kambini akanirudisha nyuma. Aliniambia, "Mwanangu, kabla ya kutafuta jina, uliza kwanza nani alitawala pale."

Alisema kweli. Ghuba ya Tungi, karibu na Palma, ilikuwa na sultani wake, na Zanzibar na Ureno zote ziliidai. Wareno waliitwaa kwa mizinga Februari 1887. Kwa hiyo mtumwa wa shamba la Tungi mwaka 1860 huenda hakuwa kwenye daftari la Mreno. Kionga nayo ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikarudi mikononi mwa Wareno mwaka 1916. Kijiji kimoja, serikali tatu, karatasi za lugha tatu.

Zipo pia karatasi za kwetu wenyewe. Nyaraka za taifa mjini Maputo, zinazoitwa Arquivo Histórico de Moçambique, zinahifadhi mamia ya barua za karne ya 19 kutoka kaskazini. Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi kwa Kiswahili, kati ya masultani na mashehe wa pwani na maofisa wa Kireno. Humo mtu ana "bin" yake. Lakini waliozituma ni wakubwa. Mlima muhogo hakutuma barua.

Ukitafuta, kumbuka jina hubadilika sura. Yusufu anaandikwa Issufo, Muhammad anakuwa Momade, Hamisi anakuwa Amisse. Kumbuka pia kwamba hadi 1929 kaskazini yetu ilitawaliwa na Kampuni ya Niassa. Kodi yake ya kibanda iliwafanya wengi wavuke Ruvuma kwenda ng'ambo. Huenda jina unalolitafuta huku liko kwenye mdomo wa ndugu yako Mtwara au Newala.

(Muziki mfupi.)

Sasa niseme jambo zito. Kwetu pwani kila ukoo hupenda kusema umetoka Kilwa, Pate au Ngazija. Sijasikia mtu akisimama kusema, "Sisi tuliletwa." Ndiyo maana bibi alinyamaza. Lakini mama yule aliyeletwa alilima, akazaa, akalea, na sisi tupo. Aibu ni ya aliyemnunua. Na sisi tuliokimbia usiku, tukiacha nyumba na vyeti vinaungua, tunaelewa maana ya kuambiwa, "Huna karatasi, wewe ni nani?"

Msikilizaji, hatuwezi kwenda Maputo leo. Lakini wazee tulionao hapa ndiyo nyaraka zetu, nao wanatutoka. Jioni hii chukua daftari, hata la mtoto wa shule. Mwamkie mzee wako, kisha umuulize mambo manne: jina la kila mtu kwenda juu, kijiji alichozaliwa, nani alitawala wakati huo, na kwa nini alihama. Akinyamaza, usimlazimishe. Andika kwamba hapo alinyamaza.

Mimi nimeandika hivi kwenye ukurasa wangu wa kwanza: "Wa saba, mwanamke. Aliletwa. Jina lake ni Mashaka." Bibi alinipa jina hilo siku ya tatu, bila kuulizwa.



(Muziki wa kufungia.)