Vitenzi vya Jikoni: Kitabu cha Upishi cha Mrima

Anayeanza kupika huhitaji kitabu kimoja cha kuaminika. Si kitabu cha karamu, bali cha misingi: kimweleze maji kiasi gani, moto wa namna gani, na kipi kitangulie chunguni. Katika Mrima, kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupita Bagamoyo hadi Saadani, kitabu hicho kwa karne nyingi hakikuwa cha karatasi. Kilikuwa cha vitenzi. Nami naona kurasa zake zimeanza kung'oka.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayotangulia kuonekana. Sufuria na sahani yametoka Uarabuni. Pilau limekuja na Waajemi na Wahindi. Chapati, achali na kachumbari ni ya Bara Hindi. Meza ni ya Wareno, ambao ndio waliotuletea muhogo kutoka Amerika, nasi tukatwanga majani yake tukapata kisamvu. Jiko la Mswahili limejaa wageni. Lakini hebu vitazame vitenzi: kupika, kuoka, kuchoma, kukaanga, kutwanga, kukuna, kukamua, kusonga. Hivi ni vya Kibantu. Mgeni alileta chakula na chombo; mwenyeji akabaki na tendo. Hata pilau, jina lake liwe la mbali kiasi gani, kwetu hupikwa, huungwa na kupaliwa.

Kila kitenzi ni somo zima. Mwenye kuambiwa *atokose* muhogo anajua kwamba ni maji na chumvi, bila viungo. Akiambiwa *aunge* mchicha, anajua kuna kitunguu, mafuta au tui, na kwamba vitu vilivyokuwa mbalimbali sasa vitakuwa kimoja. Washairi wataona kwamba ndiyo maana ileile ya kuunga kamba. *Kubanika* samaki ni kumbana katika mpasuo wa kijiti na kumweka kandoni mwa moto, wala si kumtupa juu ya makaa. Na *kupalia* wali ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko maji yanapokaribia kukauka, ili uive kwa joto la juu na la chini. Asiyejua hili husikia msemo wa kumpalia mtu makaa asijue umetoka jiko gani.

Nazi nayo ina sura yake peke yake. Hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa kwa kifumbu. Tui zito la kwanza ni kasimile. Linalofuata, baada ya kutia maji, ni jepesi. Kinachobaki ni chicha. Mpangilio huu wa majina ndio mpangilio wa upishi: jepesi hutangulia kuivisha, zito huja mwishoni na moto mdogo, lisije likakatika.

Vipimo pia vilikuwamo. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili ni pishi moja. Watoto wetu wanakariri shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na wengi wao hudhani kibaba ni neno la methali tu. Kilikuwa kipimo cha nafaka, mkononi mwa mama anayegawa mchele wa siku. Maji ya wali yalipimwa kwa pingili ya kidole juu ya mchele, na kidole hakisahauliki nyumbani.

Isidhaniwe kwamba Bagamoyo haikuwa na watu wa kalamu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa huko, alifundisha Kiswahili Berlin, na maandishi yake yamo katika *Desturi za Wasuaheli*, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Padri Charles Sacleux, wa misheni iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868, alikusanya maneno yaliyokuja kuwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kuchapwa mwaka 1939. Mwaka huohuo ilitoka kamusi sanifu ya Frederick Johnson. Nawashukuru wote. Lakini kamusi hupanga maneno kwa herufi, si kwa moto. Husema *palia* ni nini, haisemi lini. Elimu ya lini ilikaa kwa mama, bibi, somo na kungwi, na wao walifundisha kwa kutenda na kutaja kwa pamoja.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mapishi ninayoyasoma leo kwa Kiswahili mara nyingi yana vitenzi vitatu: chemsha, kaanga, weka. Muhogo unachemshwa, mchicha unachemshwa, wali unachemshwa kwa dakika 20. Tunadhani tumepoteza msamiati tu, kumbe tumepoteza maelekezo. Na kijana anayefuata maandishi hayo hupata wali boko, kisha akaamini kwamba mkono wake ndio mbaya.

Kwa hiyo nawaomba washairi na wapenzi wa lugha kazi ndogo yenye manufaa. Kaeni jikoni na wazee wa Mrima wangali hai. Andikeni kitenzi, na pembeni yake mkono ulifanya nini, moto ulikuwaje, nini kilitangulia. Pangeni kwa utaratibu wa kupika, kuanzia kutokosa hadi kupalia. Kitabu cha misingi kitakuwa kimepatikana, na anayeanza ataweza kukiamini, kwa kuwa kitasema naye kwa lugha iliyokuwa ikipika kabla yake.